Camille wa Asubuhi

Jina lake ni Wivine Lombe, lakini kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana aliitwa Camille. Jina hilo hakulichagua. Siku aliyoanza kazi alilikuta limeshaandikwa juu ya kioo cha kompyuta, pembeni ya picha ya mwanamke wa kizungu mwenye nywele za kahawia na meno yaliyopangika vizuri. Mkuu wake, mtu aliyejiita Viktor na ambaye hakuwahi kumsikia sauti hata mara moja, alimwandikia mistari mitatu tu: Wewe ni Camille. Camille hakasiriki. Camille hasemi yuko wapi.

Wivine aliishi mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa sekretere wa kampuni ya malori katikati ya mji, mpaka wenye kampuni walipofunga milango na kuondoka na funguo. Mwaka uleule mama yake, Mama Angélique, alipigwa na kiharusi. Wivine akamuuguza miaka mitatu: kumgeuza, kumwogesha, kumlisha bukari, yaani ugali, kwa matonge madogo madogo. Alipokufa, kaka zake wawili walikuja kutoka Kolwezi, wakazika, wakakaa matanga siku walizopewa ruhusa na wakubwa wao wa machimbo, wakarudi. Baada ya hapo mtu angeweza kukaa katika vile vyumba siku nzima asisikie neno lililoelekezwa kwake.

Ile kazi aliiona kwenye simu. Walitafuta watu wanaoandika Kifaransa safi, na Kifaransa chake masista walikuwa wamekinyoosha kwa rula. Wiki ya kwanza ilipita kabla hajaelewa kwamba kampuni yenyewe ni kasino, na kwamba kasino hiyo haina nyumba. Watu waliicheza kwenye simu zao, kwa sarafu za mtandaoni wanazoziita kripto, na makaratasi yake yaliandikishwa kwenye kisiwa ambacho Wivine ilimbidi akitafute kwenye ramani. Mjini Lubumbashi kulikuwa na nyumba za kubashiri mipira, zenye kibali kilichotundikwa ukutani. Wakikataa kukulipa unasimama mbele ya dirisha lao na kupiga kelele mpaka msimamizi atoke. Kasino hii haikuwa na dirisha. Dirisha lake lilikuwa Wivine.

Majirani walipomuuliza anafanya nini na kompyuta siku nzima, alisema anatafsiri vitabu vya dawa. Baada ya kusema hivyo hakuweza tena kumweleza mtu yeyote jinsi siku yake ilivyokwenda.

Wachezaji wengi walimwandikia kwa hasira au kwa haraka. Pesa yangu haijaingia. Mchezo umekwama. Nyinyi wezi. Kwa kila jambo kulikuwa na jibu lililoandaliwa, unabonyeza linakwenda. Ndiyo sababu alishtuka pale mchezaji mmoja, baada ya kusaidiwa jambo dogo, alipomwandikia kwa Kifaransa cha shule ya zamani, chenye nukta na mikato yote mahali pake: Asante sana, Mademoiselle Camille. Na wewe, umeshakula?

Alitazama swali lile muda mrefu. Hakukuwa na jibu lililoandaliwa. Akaandika: Bado. Nitakula saa sita.

Tangu siku hiyo mtu yule aliandika karibu kila asubuhi. Jina lake la mchezo lilikuwa Fundi67, na kioo kilionyesha kwamba yuko Ureno. Hilo halikumaanisha kitu. Kwenye mitandao walikuwepo watu waliolipwa na kasino kuwafundisha wachezaji jinsi ya kuweka programu ya kuficha nchi, ili waingie hata kama sheria za kwao, au za kasino yenyewe, zinawazuia. Fundi67 alisalimu kwanza, akaeleza mguu wake wa kushoto umeamkaje, ndipo akacheza kidogo, mchezo wa matunda yanayozunguka, wa dau la chini kabisa. Akishinda alisema. Akishindwa pia alisema, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili aliandika: Ngoja kidogo Mademoiselle, mvua imeanza, nikafunge madirisha. Wivine akangoja, mikono juu ya vitufe. Dakika zisizozidi kumi zikapita, kisha akasikia mvua inakuja kutoka upande wa mji, ikivuka mabati ya nyumba za jirani moja baada ya nyingine, mpaka ikafika juu ya kichwa chake. Fundi67 akarudi: Sasa huku inapungua. Wivine hakuuliza. Camille haulizi. Lakini kuanzia siku hiyo, mvua ikianza, aliacha kazi kidogo akasikiliza.

Kisha ikaja siku ambayo yule mtu hakucheza. Aliandika tu kwamba leo inatimia miaka minne tangu mke wake afe, kwamba hana wa kumwambia, watoto wako mbali na wana shughuli zao, basi amemwambia yeye. Jibu lililoandaliwa kwa habari kama hizo lilikuwepo: Tunasikitika kwa hali yako, tumekuwekea mizunguko ishirini ya bure. Wivine alilifuta. Akaandika ya kwake mwenyewe: Mimi pia nilimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Watu walinipa pole kwa sababu ya uchovu, lakini kilichonishinda ni kukosa kikohozi chake chumba cha pili. Nilikuwa nimezoea kulala nikikisikiliza.

Yule mtu akaandika: Ndiyo. Ndivyo ilivyo.

Jioni Viktor akamwandikia kwamba amekatwa alama kwa kutotoa mizunguko ya bure. Wivine hakujali. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kwamba alikuwa amesema jambo hilo kwa mtu.

Mwezi wa pili Fundi67 akashinda. Hakushinda vijisenti, alishinda dola elfu tatu na mia sita, kwa mzunguko mmoja, asubuhi ya jumanne. Akaandika kwa herufi kubwa, akaomba radhi kwa herufi kubwa, akaandika tena. Alisema hatacheza tena. Alisema atatoa pesa yote, atabadilisha mabati ya nyumba, na kwa zitakazobaki atapanda ndege kwenda Kinshasa kumwona mtoto wake wa kike, Deborah, ambaye hajamwona miaka sita. Wivine alimpongeza, na alifurahi kwelikweli. Aliinuka kwenye kiti akazunguka meza mara mbili.

Kutoa pesa kulikuwa na hatua zake. Kuingiza hakukuwa na hatua. Kila alipotaka kucheza, yule mtu alimpelekea pesa kwa simu mwenye kibanda aitwaye Alexis, Alexis akamtumia kripto, na kasino ikapokea bila kuuliza jina. Sasa kwa sababu anataka kutoa, ilibidi aonyeshe yeye ni nani. Idara ya kukagua vitambulisho ilikuwa na upungufu wa watu wanaosoma Kifaransa, hivyo picha za kitambulisho chake zikatumwa kwa Wivine.

Alifungua ya kwanza: kadi ya mpigakura ya Kongo. Chanda Donat. Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Akafungua ya pili: mzee mwembamba mwenye miwani, ameishika kadi ileile karibu na shavu kama walivyomwagiza. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa rangi ya buluu, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na nguo za wanawake zilizotundikwa kwenye msumari, moja haijawekwa mikono. Wivine aliujua ukuta ule. Alipokuwa na miaka minane alikaa chini yake, juu ya benchi, miguu haifiki sakafuni, wakati fundi yule akishona nguo yake nyeupe ya komunyo ya kwanza na mama yake akibishana naye juu ya urefu.

Alifunga kompyuta. Akaifungua tena, kwa sababu dakika tano za kutokuwepo zilikatwa kwenye mshahara.

Alichokiogopa alikikuta mahali alipokijua kipo, katika kitabu cha maagizo cha wafanyakazi. Kulikuwa na orodha ya nchi zilizofungwa, na Kongo ilikuwemo. Mchezaji wa nchi zile asizuiwe kuingia wala kuweka pesa. Siku atakayotaka kutoa, akiisha kuonyesha kitambulisho, atumike kifungu cha kumi na nne: amecheza kutoka mahali pasiporuhusiwa, akaunti inafungwa, alichoshinda kinabaki kwa kasino. Lakini kifungu kisitumike mara moja. Kwanza angojeshwe siku kumi na nne. Katika siku hizo kitufe cha kurudisha pesa mchezoni kiwake daima mbele yake, na mhudumu aendelee kumpa joto. Neno lenyewe liliandikwa hivyo, joto. Wengi walirudisha wenyewe, wakacheza mpaka zikaisha, na kasino haikuhitaji kumnyang'anya mtu.

Viktor akaandika: Huyu anakupenda. Usimwache apoe.

Siku nne Wivine alifanya alivyoagizwa. Aliandika: Nyaraka zako zinashughulikiwa. Aliandika: Tunahitaji karatasi ya kulipia umeme yenye jina lako. Mzee akatuma, lakini ilikuwa na jina la baba yake, mfanyakazi wa reli aliyekufa zamani, kwa maana nyumba nyingi za Kamalondo bado zina majina ya waliozijenga. Ikakataliwa. Akaenda kwa mkuu wa mtaa, akarudi na barua yenye mihuri miwili. Ikakataliwa. Hakukasirika. Aliandika: Naelewa, Mademoiselle, kazi ni utaratibu. Na hapo Wivine aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, peke yake chumbani.

Jumamosi hakuwa na zamu. Alichukua kitenge, pagne aliyoachiwa na mama yake, ambayo haikuwahi kushonwa, akashuka mjini, akavuka kwa mguu mpaka Kamalondo.

Mzee alikuwa peke yake dukani. Cherehani nyingine mbili zilifunikwa kwa nguo. Siku hizi nguo za shule zinakuja zimeshonwa tayari, kwenye marobota.

"Jambo, papa."

"Jambo, mama. Karibu, kala. Ni robe ao ni libaya?" Alitaka kujua kama ni gauni au blauzi.

"Ni robe. Haunijue tena. Mi niko mutoto wa Mama Angélique, ule wa Kongolo. Bwana yake alitumika ku chemin de fer, ku reli."

Mzee akavua miwani, akaivaa tena. "Angélique! Ule alikuwa anagomba juu ya kila sentimetre! Eko muzuri?"

"Alikufaka, papa. Iko sasa myaka mbili."

"Pole, mama. Pole sana." Akatazama lile benchi alilokalia. "Bibi yangu pia alikufaka. Constance. Njo alikuwa anatunga mabutoni, pale kwenye umekala."

Akainuka kumpima. Mguu wa kushoto ulimwia mzito, na Wivine aliujua mguu ule, aliujua jinsi ulivyoamka jana na juzi. Mzee akazungusha kipimo kiunoni mwake kwa adabu, bila kumgusa, akaandika namba kwenye kipande cha katoni. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na mkasi, na kila mara aliitazama.

"Unangoya muntu akuite?" Wivine akauliza.

"Ninangoya mambo fulani. Nilishinda ku jeu moja ya telefone. Sasa banatafuta makaratasi. Mais kuko bibi mumoya eko ananisaidia kule." Akachukua simu, akafuta kioo kwa kidole, akamsogezea. "Angaria. Anaitwa Camille. Eko Poto, kule kwa bazungu."

Wivine akasoma maneno yake mwenyewe katika mkono wa mtu mwingine. Naomba uvumilivu, Papa. Je, mguu?

"Unamuamini?"

"Bengine banaweza kuwa bezi, mama, sikatae. Ule hapana. Kila asubuyi ananiuliza muguu inaendelea je. Batoto bangu banapenda miye, mais habaniulizake. Ile siku ya Constance nilimuandikia, akanijibu mambo yenye muntu wa huku njo anaweza kusema. Nikajiambia, huyu muzungu alikomea wapi, huku kwetu?"

Alicheka. Wivine naye akajaribu kucheka. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yalikuwa pale, na alipoufungua mdomo alisema, "Nitarudia lini kutwala robe?"

"Samedi ingine, siku kama leo. Acha numero yako."

Akaacha namba na jina, mzee akayaandika kwenye katoni ileile. Akatoka. Alipofika barabarani alisimama, akageuka nusu, halafu akaendelea na safari yake.

Katika wiki ile mambo yaliharibika. Jumatano asubuhi alipoingia kazini alikuta mazungumzo ya jana mchana. Camille si mtu mmoja. Saa tisa Wivine alipotoka, mwingine aliingia na jina lilelile na picha ileile, na usiku mwingine tena. Hakuwajua. Yule wa mchana alikuwa amemwandikia Donat kwamba, kwa kuwa nyaraka zinachelewa, kasino inampa zawadi: akirudisha nusu ya pesa mchezoni ataongezewa mara mbili. Mzee alijibu: Ikiwa wewe ndiwe unayeniambia, Mademoiselle. Akabonyeza. Kufika jioni, dola elfu moja na mia nane zilikuwa zimekwenda.

Jumamosi Wivine aliingia dukani bila salamu ndefu. Mzee alikuwa ameketi mikono magotini.

"Papa Donat," akasema, "Camille ni miye."

Mzee akamtazama, akatabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "We? Camille ni muzungu."

"Ile ni foto tu. Camille ni jina ya kazi. Minatumikia bale bantu, niko nyumbani kwangu, Hewa Bora. Asubuyi ni miye. Kisha saa tisa mwengine anaingia, sijue ni nani. Ule alikuambia urudishe franga, haikukuwa miye."

Hakuamini. Ilimbidi atoe simu yake mwenyewe, alikokuwa amepiga picha za mazungumzo yale, na kumwonyesha, mstari kwa mstari. Mzee alisoma polepole, midomo ikisogea. Nje mwanamke alipita akiuza karanga, akaita.

"Batanilipa?"

"Habatakulipa. Hata ile yenye inabakia. Inchi yetu iko mu liste yenye habalipake. Banaacha muntu aingie, acheze, na siku anashinda banamuambia hakukuwa na ruhusa ya kucheza. Banakungoyesha tu, ili uchoke, urudishe weye mwenyewe."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu niliona carte yako."

"Basi ile samedi ulikuya hapa," mzee akasema, bila kupandisha sauti, "ukakala ku benchi ya Constance, nikakupima, nikakuonyesha telefone. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza, papa."

Akavua miwani akaiweka juu ya cherehani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo, na mzee zaidi. Wivine alifikiri atamfukuza. Badala yake akauliza, "Siku ile ya Constance. Ilikuwa asubuyi?"

"Ilikuwa asubuyi. Ni miye."

"Na ile ya kikohozi?"

"Ni ya kweli. Ni mama yangu."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, wala si kukubali wala kukataa. Kisha akainuka, akaishusha nguo kutoka kwenye msumari. "Robe yako imeisha. Jaribu kama inakutosha."

Wivine akaingia nyuma ya pazia, akavua, akavaa. Ilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuwa nayo. Alipotoka mzee hakumtazama. Aliitazama nguo, akavuta bega la kulia kidogo, akaridhika nalo.

"Lipa, uende," akasema.

Jumatatu saa moja asubuhi Camille aliingia kazini kwa mara ya mwisho. Alimtumia Fundi67 kifungu cha kumi na nne chote, neno kwa neno, pamoja na ukurasa wa orodha ya nchi. Akajaza fomu ya kuomba mchezaji arudishiwe angalau pesa alizoweka mwenyewe, kwa kuwa maagizo yalisema hilo linawezekana, ingawa hakuwahi kuona limefanyika. Chini akatia jina lake la kweli. Hayo yote hayakuchukua dakika ishirini. Kisha kioo kikazimika, kikawaka tena, na kikamwomba neno la siri ambalo halikukubaliwa tena.

Mshahara wake ulilipwa kwa kripto na uliwekwa katika mkoba wa kasino yenyewe mpaka mfanyakazi aombe kuutoa. Miezi miwili na nusu ilikuwa humo. Akaandika kuomba. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, la upole, limetiwa sahihi na Camille: tunahitaji karatasi ya kulipia umeme yenye jina lako. Wivine hakujibu. Mita ya umeme ilikuwa ya mwenye nyumba, na hata ingekuwa yake angejua nini kinafuata.

Zikafuata wiki ambazo hakusema na mtu. Asubuhi aliamka saa yake ya zamani, akanawa, akaketi mbele ya meza, kompyuta imefungwa. Aliogopa kwenda Kamalondo. Aliogopa pia kwamba mzee ameanza tena kucheza kwingine, na hakuwa na njia ya kujua, kwa maana namba ya mzee ilikuwa ndani ya kompyuta ya watu na yake ndiyo iliyokuwa kwenye katoni.

Simu ilipolia ilikuwa ijumaa.

"Mama Wivine. Ni miye, Donat, fundi. Akaunti banaifunga. Unajua kuandika barua. Uniandikie moya, tupeleke ku serikali."

Waliandika ile barua dukani kwake, yeye akisema na Wivine akinyoosha, wakaipeleka jumatatu katikati ya mji, kwenye ofisi inayoshughulikia michezo ya bahati. Walikaa kwenye benchi la koridoni tangu saa mbili. Mara moja mzee aliunyoosha mguu akaliminya goti, Wivine akafungua mdomo kuuliza, akaufunga.

Aliyewapokea ni mama mmoja mnene, mwenye sauti ya ukarimu, Madame Huguette. Alisoma barua yote, jambo ambalo hawakulitegemea.

"Papa, mi nasikia uchungu," akasema. "Mais angaria. Bale beko na kibali, minajua kwenye banalala. Ninabaita, banakuya, na kama banakataa kulipa ninafunga mulango yabo. Hawa, mulango yabo iko wapi?"

"Iko ku telefone," mzee akasema.

"Njo vile. Nipe adresse, nipe jina ya patron."

Wivine akataja kisiwa, akataja Viktor. Alipolitaja jina hilo kwa sauti, ndipo alipotambua kwamba hata hilo huenda si jina la mtu.

"Na franga uliitumaka na njia gani? Banki?" Madame Huguette akauliza.

"Alexis wa kibanda alinigeuzia mu kripto."

"Basi hata banki hatuwezi kuuliza. Kisha kwenda, haina nyayo yenye mi ninaweza kufuata." Akageuza karatasi. "Na carte yako? Foto ya uso yako? Banabaki nayo?"

Mzee hakuwa amelifikiria hilo. Wivine alikuwa amelifikiria, usiku zaidi ya mmoja.

"Banabaki nayo," akajibu kwa niaba yake.

Madame Huguette akaguna. Akawaambia waende wakaandikishe kwamba kadi imetumika vibaya, ili siku moja mtu asije akakopa kitu kwa jina la Chanda Donat. Kisha akagonga muhuri wa kupokea barua, akawapa nakala. Hayo ndiyo waliyoyapata.

Nje jua lilikuwa kali na watu wa ofisini walikuwa wakitoka kula. Walitembea mpaka pale njia zinapogawana, mmoja kwenda Kamalondo na mwingine kutafuta gari la Hewa Bora. Mzee aliikunja nakala mara nne akaitia mfuko wa shati.

"Ulipoteza kazi juu yangu," akasema.

"Haikukuwa kazi, papa."

"Hata vile." Akatazama magari. "Sikukusamehe mingi, mama. Nimekusamehe kidogo. Ingine itakuya, ao haitakuya, sijue."

"Nasikia, papa."

Akamwona anavuka barabara kwa mwendo wake wa kuburura, akiinua mkono kuyasimamisha magari, mpaka watu wakamfunika.

Sasa Wivine ana meza ndogo na mashine ya kuchapisha chini ya kibaraza, karibu na mahakama, ambapo watu huja kuandikiwa maombi ya kazi, hati za mauzo ya viwanja, barua za kuomba mkopo wa kanisa. Wateja wapo. Wanasimama mbele yake, ana kwa ana, wanamwambia mambo ya siri ya nyumba zao kwa dakika kumi, wanalipa, wanaondoka, na wengi hawajui jina lake. Watu wawili wamekwisha kuja kuandikiwa malalamiko juu ya kasino kama ile. Aliwaandikia, na kabla hawajalipa aliwaeleza ukweli kwamba barua haitafika popote, na kwamba kinachosaidia ni kutoingiza hata faranga nyingine moja. Mmoja alimsikiliza. Mwingine akasema yeye amekaribia sana kulipwa, bado karatasi moja tu.

Siku ya Pasaka Wivine alikuwa kwenye meza yake ya kibarazani Donat alipompigia simu. Mzee alikuwa ametoka misa. Deborah alikuwa amemtumia picha za wajukuu. Wivine akasema ni vizuri, yeye pia ametoka misa. Katika maandishi walikuwa na mengi, kila asubuhi, miezi mitano. Kwa sauti kila mmoja alisikia tu pumzi ya mwenzake na kelele za mtaa wake. Wivine alitafuta la kusema, akatambua kwamba yote aliyoyafikiria ni maneno ya Camille.

"Bon," mzee akasema mwishowe. "Tutaonana, mama."

"Tutaonana, papa."

Akaweka simu juu ya meza, uso chini. Mwanaume mmoja aliyevaa nguo za Pasaka alikuwa akingoja mbele yake, hata siku ya sikukuu, na karatasi yenye madoa ya mafuta mkononi. Alitaka barua ya kumwandikia mke wake aliyehamia Likasi. Wivine akavuta kiti, akamwonyesha akae, akamuuliza aanze na salamu gani.